Jina Letu, Sura ya Shemeji

Jumatatu, 9 Juni

Siku kubwa. Leo nimenunua jina. Si la mtoto wala la duka. Jina la mtandaoni, lile ambalo mtu akiliandika kwenye simu yake, popote alipo, inafunguka tovuti yetu: viti vya kukodi, vya plastiki na vya chuma, vyenye mto na visivyo na mto. Wataalamu wanaliita kikoa. Nimejitazama kwenye kioo cha kabati. Sura ya mtu mwenye kikoa ni tofauti kidogo.

Kwanza shukrani. Namshukuru Mungu kwa mke wangu. Biashara ni yake, sifichi. Baba mkwe alipostaafu aligawa mali: viti akampa binti yake, maturubai akampa kaka wa binti huyo, yaani Shemeji. Nami nilipopunguzwa kazi kule bohari, mke wangu alinipokea kwenye biashara bila kunisimanga hata siku moja. Watu wanamwita Mama Viti. Mimi wananiita Mbeba Viti. Hilo la pili ndilo nataka kulirekebisha.

Nafasi imekuja. Shule ya hapa jirani ina mahafali mwisho wa mwezi, na Mwalimu Mkuu ametangaza kwamba kabla ya kumpa mtu kazi hiyo ataangalia tovuti yake. Shemeji ana tovuti. Sisi hatuna. Na Shemeji, nimemwona kwa macho yangu, ameanza kununua viti. Vichache. Vimepangwa pale uani kwake kama havina nia mbaya. Leo vichache, kesho kazi zetu zote ni zake.

Sasa ujanja. Nilishuka mpaka chini kabisa ya tovuti ya Shemeji, pale penye maandishi madogo, nikaona jina la kampuni inayomhifadhia tovuti. Nikajiunga na kampuni hiyo hiyo. Kama inamfaa yeye, itanifaa mimi mara mbili. Jina lenyewe nikalinunua kwa kampuni nyingine kwa sababu walikuwa na ofa. Nani mwingine angefikiria hivyo?

Mchana nikaandika ukurasa wetu. Maneno yalinitoka yenyewe. "Kwa nini ukodi turubai? Mbingu ni bure." Hiyo ni yangu. Kisha nikagusia, kwa adabu, ile harusi ya mwaka jana, upepo ulipong'oa kamba na turubai la Shemeji likawafunika bwana harusi na msafara wake wote, wakawa wanahangaika humo kama paka kwenye gunia. Nimeandika: "Viti vyetu havijawahi kumwangukia bwana harusi kichwani. Jamaa wa barabara ya chini anaweza kusema hivyo?" Nilicheka mpaka nikaweka simu chini.

Mke wangu ameniambia nisimwonyeshe mtu kabla hajasoma yeye. Nikasema naam. Lakini mambo mazuri hayaombewi ruhusa. Nitamshtukiza.

Jioni nikalifungua jina letu. Ukurasa mweupe, maandishi makubwa: "Hongera! Jina hili limepata mwenyewe." Nimeguswa. Sikutarajia wangenipongeza hadharani.

Jumanne, 10 Juni

Ile hongera wanampa kila mtu. Sawa. Nashukuru hata hivyo.

Kumbe kuna kazi ya kuunganisha. Jina liko kwa kampuni moja, ukurasa uko kwa nyingine, kwa hiyo jina lazima liambiwe ukurasa uko wapi. Kampuni imenitumia maelekezo ya hatua tatu. Hatua ya kwanza: nenda uliponunua jina, uandike namba ya seva, yaani ile kompyuta kubwa inayotunza tovuti za watu. Nimeandika. Hatua ya pili: subiri, inaweza kuchukua siku moja au zaidi. Nimesubiri vizuri sana, huku nakunywa chai. Hatua ya tatu ilikuwa ndefu, ina picha na mishale. Mtu aliyeifanya ya kwanza kwa ustadi ule haihitaji ya tatu.

Mke wangu alikwenda kupima ukumbi. Nikapata wazo. Nikakata herufi kwenye kipande cha boksi, nikanunua rangi nyekundu ya kupuliza, nikaanza kuandika jina letu la mtandaoni mgongoni mwa kila kiti. Kila kiti! Mtu akikaa, aliye nyuma yake anasoma. Hata kwenye hotuba ndefu, hasa kwenye hotuba ndefu, atakosa la kufanya, atatoa simu, ataandika.

Mke wangu aliporudi alisimama mlangoni mwa stoo akivitazama. Kisha akauliza kama rangi ile inatoka. Nikamwambia kwa furaha kwamba haitoki kabisa. Akaegemea mgongoni mwa kimoja. Nikamwonya kuwa hakijakauka. Nilichelewa kidogo.

Amefua gauni mwenyewe, hakunigombeza. Nashukuru.

Jumatano, 11 Juni

Msiba! Wizi! Uchawi!

Asubuhi nimefungua jina letu. Ile hongera imeondoka. Mahali pake amesimama Shemeji! Shemeji mzima, mikono kiunoni, anatabasamu, nyuma yake maturubai meupe yamepangwa kama meno. "Karibu kwenye kivuli cha uhakika." Na namba yake ya simu, kubwa.

Nimefunga. Nimefungua. Shemeji. Nimezima simu, nimeiwasha. Shemeji. Nimetoka nje nikajaribu nikiwa nimesimama barabarani, labda ni mtandao wa ndani. Shemeji, tena juani ameng'aa zaidi.

Na viti vimeshaondoka! Alfajiri nilivipakia kwenye gari vyote kwenda shuleni kwenye kikao cha wazazi. Kwa hiyo wakati naandika haya, wazazi wa shule nzima wamekaa wanatazama jina letu mgongoni mwa kiti cha mbele, na jina letu linawapeleka kwa Shemeji.

Ni yeye. Ameniibia jina. Sijui ameibaje, lakini mtu akikuta sura ya fulani ndani ya nyumba yake hahitaji kupiga ramli.

Nikaenda kwake kupeleleza. Nilimkuta uani, anashona kiraka kwenye turubai kwa cherehani ya umeme. Akanipokea vizuri mno. Shemeji karibu, Shemeji kaa, za nyumbani, dada yangu hajambo? Akaingia ndani kuniletea chai. Hapo nikaona waya mweusi unaingia ukutani, mnene, wa kitaalamu. Nikajua huo ndio mtandao anaoniibia. Nikauchomoa.

Ulikuwa waya wa cherehani. Shemeji akarudi, akaketi, akakanyaga, kimya. Akafungua mfuniko, akatia mafuta, akageuza sindano, akapuliza humu na mle. Jasho likamtoka. Nami nakunywa chai yake. Mwisho nilishindwa kuvumilia, nikainama kana kwamba nachunguza, nikachomeka waya, cherehani ikanguruma. Akanishika mkono kwa mikono miwili. Alisema hajui angefanya nini bila mimi.

Chai ilikuwa nzuri. Lakini mtu mwenye dhamiri safi hawezi kuwa mkarimu kiasi kile. Namtilia shaka zaidi.

Viti vimerudi salama. Dereva wa gari ameniambia kikao kilikwenda vizuri, ila akina baba kadhaa wameondoka na maandishi mekundu magotini mwa suruali, yamegeuka kinyume. Hayo nayo ni matangazo. Nashukuru.

Alhamisi, 12 Juni

Nimepiga simu kwenye kampuni inayohifadhi tovuti. Muziki mrefu. Kisha dada mmoja wa huduma, sauti tulivu, ya mtu aliyezoea kelele za wengine. Nikamwambia nimeibiwa jina na shemeji yangu. Akaniuliza kwanza kama naandika jina sawasawa. Nikamsomea herufi moja moja. Akaniuliza kama nimefuta kumbukumbu ya simu, maana simu hukumbuka kurasa za zamani. Nikasema nitafuta sasa hivi. Nikafuta. Nimefuta pia picha zote za harusi ya mdogo wangu na mazungumzo ya kikundi cha ukoo, lakini hayo yalikuwa yananichosha.

Shemeji yupo pale pale, anatabasamu.

Akaniuliza kama nimefanya hatua zote tatu. Nikasema zote, kwa mpangilio. Akauliza tena, polepole, "Hata ya tatu, kaka?" Nikamwambia dada, mimi si mtoto. Akasema basi atalifuatilia mwenyewe upande wao, anipigie kesho. Hakukasirika hata kidogo. Watu kama hawa wapewe nishani.

Mchana, simu. Mama mkwe! Nikasimama wima. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Na hapo hapo akaanza kulia. Nikadhani kuna msiba.

Si msiba. Alikwenda yeye kwenye kikao cha shule kwa niaba yetu, kama bibi wa mtoto wetu anayesoma pale. Akakaa, akaona maandishi kwenye kiti cha mbele, akaandika kwenye simu, akaona nani? Mwanawe! Viti vya binti yake, picha ya mwanawe. Alisema tangu marehemu mumewe afariki amekuwa akiomba watoto hawa wawili wafanye kazi pamoja, na hakuna aliyemsikia, mpaka mkwe.

"Kumbe una moyo mkubwa hivi, mwanangu! Na hukusema!"

Nikasema si kitu, mama, ni familia. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikisema hivyo. Ilikuwa sauti nzuri.

Ameniombea dua ndefu. Nikaipokea yote.

Ijumaa, 13 Juni

Shemeji alikuja asubuhi. Niliona gari lake, nikajificha nyuma ya viti vya chuma. Akanikuta. Alikuwa amebeba taa kubwa ya kuning'iniza, ile anayowasha kwenye shughuli, akasema ni yetu, zawadi. Halafu akakosa pa kuiweka, akabaki ameikumbatia.

Akaanza kuzungumza akiwa anaitazama taa. Alisema tangu turubai lile lilipoanguka watu wanamcheka njiani. Watoto wanajifunika mashuka wanaigiza bwana harusi. Kazi zilikauka. Alikagua kila kamba, akabadilisha kila kigingi, lakini nani wa kumwambia? Alifikiri kuuza yote.

"Halafu wewe unaweka sura yangu kwenye jina lako, Shemeji. Wewe! Nilikuwa nadhani unanidharau."

Nikatazama chini. Akanikumbatia, taa ikiwa katikati yetu. Si kukumbatiana kwa starehe, lakini nilijikuta nimemshika kwa nguvu. Nilikuwa naikumbuka ile sentensi yangu ya bwana harusi. Jumatatu ilikuwa inachekesha sana.

Na habari hazijaisha. Mwalimu Mkuu naye aliliona jina kwenye kiti, akalifungua, akampigia Shemeji kumuulizia maturubai na viti vya mahafali. Na Shemeji akamjibuje? Kwamba maturubai ni yake, lakini viti ni vya dada yake, na katika mji huu hakuna viti safi kuliko vya dada yake. Kazi tumepata! Yote! Mke wangu alipoambiwa alikaa juu ya rundo la mito akacheka kwa sauti, kicheko ambacho sijakisikia tangu nilipopunguzwa kazi. Akaniambia nimefanya jambo la maana. Akaniambia mimi!

Nikaamua palepale: ukurasa ule wa makosa usiguswe milele. Ubaki hivyo hivyo. Shemeji atabasamu mpaka uzee wangu. Nilishukuru nikiwa nimefumba macho.

Saa hiyo hiyo simu ikalia. Dada wa huduma.

"Habari njema, kaka. Tovuti yako sasa inafunguka."

"Ifunge."

"Samahani?"

"Irudishe ilivyokuwa, dada yangu. Ilikuwa nzuri."

Akanieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Alisema seva ni kama jengo lenye vyumba vingi na geti moja. Mimi niliwaelekeza wageni wangu mpaka getini, vizuri kabisa. Lakini sikumwambia mlinzi chumba changu ni kipi, na hiyo ndiyo hatua ya tatu. Mlinzi akipata mgeni wa jina asilolijua, anampeleka chumba cha kwanza. Chumba cha kwanza ni cha mteja wao wa zamani, mwenye maturubai. Basi hakuna aliyeiba kitu. Yeye ameniunganishia mwenyewe, na barua pepe ya taarifa imeshatumwa.

Nikamwambia labda hatua ya tatu ilijifuta. Akasema inawezekana, kwa sauti ya mtu anayejua haiwezekani.

Nikamwomba aharibu tena. Akasema kaka, kazi yetu ni kutengeneza, hatuna kitufe cha kuharibu. Nikamshukuru. Kosa si lake.

Halafu Mama mkwe akatuma ujumbe. Jumapili anatualika wote kwake, chakula cha mchana, kunishukuru. Tutafungua tovuti mezani, tuisome pamoja.

Jumamosi, 14 Juni

Sijala asubuhi. Mtu anaweza kula na sentensi ile imemkaa kifuani?

Kwenye simu yangu bado Shemeji anatabasamu. Nikapata matumaini. Nikaenda kwa kinyozi, nikamwomba afungue jina letu kwenye simu yake. Akafungua. Akasoma. Akaanza kucheka, akazima mashine, akawasomea wateja kwa sauti mpaka kwa bwana harusi. Mmoja aliyekuwa amenyolewa upande mmoja alitoka nje kucheka vizuri. Kinyozi akaniambia mabadiliko ya aina hii hayafiki kwenye simu zote kwa pamoja. Nyingine bado zinakumbuka ya zamani, nyingine zimeshapata mpya.

Simu ya Mama mkwe je? Ya Shemeji? Hakuna ajuaye.

Dawa ni moja, kuingia na kufuta sentensi. Nikakimbia nyumbani. Neno la siri si sahihi. Nikajaribu tena. Si sahihi. Nikajaribu jina la mama yangu, la mtoto wetu, la timu yangu, la timu yangu pamoja na mwaka tuliochukua kombe. Si sahihi, si sahihi, si sahihi. Wiki hii kichwa kimebeba mengi.

Nikampigia dada wa huduma. Alinitambua kwa salamu tu. Akasema hakuna tabu, atatuma namba ya kufungulia kwenye barua pepe ya mwenye akaunti. Nikauliza ni barua pepe gani. Akaisoma. Ya mke wangu. Jumatatu niliandika yake kwa sababu yangu inajaa matangazo. Nikamshukuru, nikakata simu, nikakaa.

Ningeweza kumwambia mke wangu. Alikuwa hapo hapo, chumba cha pili, ameshughulika na simu yake. Nilifika mpaka mlangoni. Akainua macho, akanitabasamia. Nikamuuliza kama anataka maji.

Kisha mpango ukanijia, na ni mzuri. Nimempigia Mama mkwe. Nikamwambia kwamba siku hizi familia zinakaa mezani kila mtu na simu yake, hakuna mazungumzo, na ingependeza kesho tuweke kapu mlangoni, kila anayeingia aache simu humo. Mama mkwe alifurahi mno. Alisema binti yake ameolewa na mtu mwenye busara.

Jumapili, 15 Juni

Kapu lilikuwepo! Kubwa, lenye mfuniko. Shemeji akaacha simu yake, mkewe yake, mke wangu yake. Mimi nikaacha ya mwisho, nikafunika, nikaketi kiti cha karibu na mlango. Chakula kizuri. Nilikula kuku kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa nikihisi ladha yake. Shemeji alisimulia jinsi nilivyotengeneza cherehani. Kila mtu akanitazama kwa heshima.

Tulipokuwa tunanawa mikono, Mama mkwe akasema kapu ni la wageni. Yeye yuko kwake. Akatoa simu kwenye mfuko wa gauni, akavaa miwani.

Nikaruka. Nikasema mama, mwanga wa simu si mzuri kwa macho yako, lete nisome mimi. Akanipa. Sasa nilikuwa na mpango mwingine, mfupi, wa dharura: chochote kitakachotokea kwenye kioo, nitasoma kile cha Shemeji, nakijua kwa moyo. Nikasimama. Nikakohoa. Nikaanza, "Karibu kwenye kivuli cha uhakika..." huku jicho moja likitafuta, kwa hofu, bwana harusi yuko wapi.

Hakuwepo. Wala mbingu za bure. Wala Shemeji peke yake. Palikuwa na picha ya zamani ya baba mkwe, mikono ya shati imekunjwa, amekalia kiti chetu chini ya turubai. Na maneno ambayo sikuyaandika mimi. Nikaacha kusoma.

"Endelea, baba watoto," mke wangu akasema. "Soma kilichoandikwa."

Nikasoma. "Ukihitaji kukaa, nipigie mimi. Ukihitaji kivuli, mpigie kaka yangu. Baba alitugawia vitu, hakutugawanya sisi. Na vyote, viti na maturubai, vitafikishwa kwako na mume wangu. Tangu aanze kubeba viti vyangu hajavunja hata kimoja."

Hapo mwisho nilisoma vibaya. Herufi zilikuwa zinacheza.

Shemeji alirudi kunawa mikono aliyokwisha kuinawa, akaosha muda mrefu akiwa ametugeuzia mgongo. Aliporudi alimwambia mke wangu kwamba vile viti vichache vya uani kwake alivinunua ili mafundi wake wa kamba wapumzike, na kama vilimuudhi dada yake atavirudisha dukani kesho. Mke wangu akasema viti gani? Hakuwa hata amevisikia.

Mama mkwe alikuwa amevua miwani. Aliishika tu.

Nikaenda kuosha vyombo na mke wangu. Nilisugua sufuria moja mpaka likawa kioo. Ndipo akanieleza, bila kuinua sauti. Ile barua pepe ya Ijumaa ilimfikia yeye. Akafungua, akasoma ukurasa wangu wote. Akabadilisha neno la siri papo hapo, nisije nikaongeza. Jana mchana akaandika upya.

"Bwana harusi kichwani," akasema.

Nikarudia kusugua sufuria.

Akaniambia alicheka, mara moja. Kisha akamfikiria kaka yake anaisoma, akashindwa kulala. Shemeji hataambiwa. Lakini neno la siri litabaki kwa mke wangu. Nikamwambia nashukuru. Akanirushia taulo nikaushe sahani. Nikamwambia tena, nashukuru, na sikuwa nasema kuhusu taulo.

Tulirudi kwa miguu. Alinishika mkono mpaka kwenye kona.

Jumatano, 18 Juni

Siku ya amani. Mambo yamenikaa sawa. Nimetafakari wiki iliyopita na nimeona mafunzo yake yote, moja baada ya jingine. Nimeiva.

Leo Mwalimu Mkuu alikuja kukagua viti vya mahafali. Mke wangu na Shemeji walikuwa uwanjani wanapima pa kusimika nguzo, kwa hiyo nilimpokea mimi. Akakaa, baada ya kugusa rangi kwa kidole. Akasema ukurasa wetu umemgusa sana, hasa yale maneno kuhusu baba. Akauliza nani aliyaandika. Nikamwambia, kwa unyenyekevu, kwamba katika familia yetu tunaandika pamoja.

Akapumua. Alisema tovuti ya shule yake imelala miaka, wazazi wanapeleka watoto kwingine, na hapati mtu mwenye kalamu ya namna hiyo. Je, ningeweza kumsaidia? Nikamwambia Mwalimu, niachie mimi. Akaniandikia neno la siri kwenye kiganja chake akanionyesha. Neno la siri la shule nzima! Watu wananiamini. Namshukuru Mungu.

Nimeanza mara moja, maana huwezi kumweka mwalimu akisubiri. Nimeandika kuhusu madarasa, walimu, uwanja wa michezo. Yote ya heshima. Nimejizuia sana. Kuhusu shule nyingine nimeongeza sentensi moja tu, ndogo, pale chini: "Kwetu vyoo vina milango." Sikutaja jina la shule yoyote. Nimesema tu, tofauti na ile yenye geti la kijani.

Ukurasa umefunguka vizuri kwenye simu yangu, ya kinyozi na ya dereva. Mwalimu Mkuu bado hajauona, yuko darasani. Wakati anaondoka aliniambia jioni atamwonyesha mumewe kwanza, kwa sababu na yeye ni mwalimu mkuu, kule kwenye geti la kijani. Mji mdogo huu! Bila shaka atafurahi kuona nao wametajwa.